Tatu Saba Tano na Nne Tano Nane

Kijiwe hiki kiko mbele ya kibanda cha kinyozi, ubavuni mwa karakana ya pikipiki, na benchi lake lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Wenyewe hukaa hapo kila jioni kunywa kahawa na kugombania mambo yasiyowahusu. Jioni hii mambo yamewahusu, na hakuna aliyefurahi. Jana asubuhi nyati mwenye jeraha alitoka kwenye vichaka vya ng'ambo ya mto, akamuua muuza maziwa njiani akiwa na baiskeli yake. Tangu hapo shule imefungwa, kina mama hawashuki mtoni, na mtu akisikia ng'ombe wa jirani anakohoa anatafuta mlango. Kesho alfajiri nyati huyo lazima afuatwe humo humo vichakani. Wa kumfuata amekaa pembeni ya benchi, upande wa tofali, na kahawa yake imepoa hajaigusa. Ni askari wa wanyamapori. Kijiweni wanamwita Taratibu, kwa sababu hata salamu anaifikiria kwanza ndipo anaitikia.

Taratibu alikuwa na jambo la kuwaomba. Alilipanga njia nzima, neno kwa neno. Alipofika na kuona nyuso zote zimemgeukia, lile jambo likamkwama kooni. Akajikuta ametoa risasi mbili mfukoni na kuzisimamisha kwenye ubao wa benchi, moja nyembamba na ndefu, nyingine nene kama kidole gumba cha mwashi.

Taratibu: Jamani, nisaidieni mawazo. Hii nyembamba ni ya bunduki tunayoiita Tatu Saba Tano. Hii nene ni ya Nne Tano Nane. Bosi kapiga simu, kasema nichague inayonifaa nikamalize kazi. Nichague ipi?

Wa kwanza kurukia alikuwa kinyozi. Huyu wanamwita Redio, maana tangu ahamie mtaa huu hakuna aliyegundua anazimwa wapi.

Redio: Swali gani hilo? Nene! Wahenga walisema mkubwa jalala.

Spana: Mkubwa jalala maana yake mkubwa avumilie lawama, Redio. Hapo inaingiaje?

Redio: Si ndiyo hivyo? Hiyo nene itabeba lawama zote za nyati.

Spana ndiye mwenye karakana. Alifuta mikono yake kwa tambara, akaichukua ile nyembamba kwa vidole viwili, akaipima machoni kama plagi ya pikipiki.

Spana: Mimi nasema nyembamba. Angalia ganda lilivyo refu, baruti yake inaisukuma kwa kasi. Inakwenda mbali na inakwenda pale pale unapotaka. Hiyo nene ni lori la mchanga. Lina nguvu, sawa, lakini lina mwendo?

Zege: Wewe Spana, nyati hashindani nawe mbio barabarani. Nyati anakuja hapa, puani! Mbali ya nini?

Zege ni fundi mwashi, kifua kama mlango. Kabla ya kushika mwiko alikuwa mwanajeshi, na habari hiyo mtaa mzima unaijua kwa sababu hajawahi kuwaacha wasijue. Alipolitamka neno puani aliinua kiganja akakiweka mbele ya pua ya Taratibu. Taratibu akarudi nyuma, kahawa ikamwagika kidogo kwenye goti.

Redio: Umeona? Hata kwa kiganja anashtuka. Mpeni nene.

Taratibu: Nene ina teke, jamani. Kwenye mafunzo nilipiga mara moja tu, bega likavimba. Mara ya pili, kabla sijavuta, macho yalishajifumba yenyewe.

Redio: Ukifumba macho si vizuri? Humuoni.

Hakuna aliyecheka. Redio mwenyewe alijaribu, akaacha katikati.

Spana: Ndiyo maana nasema nyembamba. Bunduki unayoiogopa haikusaidii. Unaanza kumwogopa nyati, huku unaiogopa bunduki, utamlenga nani?

Zege: Na Haraka je? Haraka si alimpiga kwa hiyo hiyo nyembamba?

Haraka ni mwenzake Taratibu wa kazi, na wawili hao ndio kituo kizima cha wanyamapori cha hapa. Juzi alipigiwa simu kwamba nyati yuko kwenye mahindi. Hakumsubiri mwenzake. Alishika bunduki iliyokuwa karibu na mlango, akakimbia, akampiga risasi moja. Nyati akamjia nayo mwilini. Sasa Haraka yuko wodini, mbavu zimevunjika, na Taratibu alipokwenda kumwona mchana huu alimkuta anavuta pumzi kwa vipande vipande. Sauti ile ilikuwa bado masikioni mwake.

Redio: Haraka haraka haina baraka.

Spana: Redio! Mtu yuko hospitali.

Redio: Naongelea risasi, bwana! Nyembamba ina haraka, nene inakwenda polepole. Ipi ina baraka? Nimewafungia kesi.

Zege: Sikilizeni niwaambie. Huyo nyati amelala kwenye tope tangu juzi, na tope limemkaukia. Mimi nimepiga plasta maisha yangu yote, nalijua tope. Koti la kwanza, koti la pili, jua linapiga, linakuwa ukuta. Nyembamba itagota tu.

Spana: Nyati amepigwa plasta?

Zege: Cheka. Kesho itakapogota ndipo utajua.

Spana: Tope halizuii risasi, Zege. Shida ni injini. Mimi nilishawahi kuona nyati amechinjwa. Moyo umekaa chini kabisa, karibu na kwapa. Na hata ukiutoboa huo moyo, mafuta yamebaki kwenye mipira. Unazima swichi, gari bado linateremka mlima. Amekwisha kufa, lakini hajajua, na huku anakujia.

Taratibu aliangalia kikombe chake. Spana hakujua kwamba katika yote yaliyosemwa jioni hii, hilo ndilo la kweli. Akanywa kahawa baridi kwa mara ya kwanza, ikashuka kama majivu.

Redio: Basi achanganye! Achukue bunduki nyembamba yenye shabaha, atie risasi nene yenye nguvu. Spana aipakie grisi kidogo iteleze.

Taratibu: Haiingii, Redio. Na ikiingia itanilipukia usoni.

Redio: Kidogo tu, ya kuteleza.

Zege: Achukue nene, ajifunge mto begani, aegemee mti. Teke likija, mti unalipokea.

Spana: Na nyati akija, mti utampisha?

Zege: Wewe kazi yako kubomoa tu. Toa dawa!

Redio: Jamani, mimi ngoja niseme ambalo mnaliogopa kulisema. Yule si nyati. Nyati gani anamngoja mtu njiani? Muuza maziwa kapita njia ile miaka nenda rudi. Yule alikuwa amesimama pembeni, anangoja. Huyo ana akili ya mtu. Na ile sauti ya Tatu Saba Tano ameshaijua. Ukimpiga nayo tena anajua umebakiza ngapi, anahesabu.

Sauti ya Redio ilikuwa imeshuka. Zege akageuza shingo akautazama mwisho wa mtaa, kule barabara inakoteremkia mtoni, kisha akasogeza miguu yake chini ya benchi. Spana akasema huo ni upuuzi, lakini alisema polepole.

Taratibu: Ni nyati tu, Redio.

Redio: Umejuaje?

Taratibu: Kwa sababu wote wakijeruhiwa wanafanya hivyo. Anakimbia mbele, unaona damu kwenye majani, unaifuata. Mbele kidogo anakata kona, anazunguka, anarudi kusimama pembeni ya nyayo zake mwenyewe. Hatikisi hata jani. Wewe umeinamisha kichwa unatafuta tone linalofuata, unadhani yuko mbele. Unafuata damu yake, na yeye anaufuata mgongo wako.

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo kijiweni. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikiyasema, akaibana mikono yake katikati ya magoti. Asubuhi mkewe alikuwa ameipiga pasi sare yake, akaitundika, asiseme lolote. Mke ambaye akikuta soksi moja sakafuni anaongea mpaka jioni. Ukimya ule ndio uliomtia hofu kuliko simu ya bosi.

Zege: Basi... basi ni nene. Akitokea nyuma ni karibu. Karibu ni nene.

Spana: Ageuke saa ngapi na lile gogo? Nyembamba. Nyepesi kugeuka.

Zege: Nene!

Spana: Nyembamba!

Redio: Haba na haba hujaza kibaba! Nyembamba nyingi!

Zege: Si ulisema nene wewe?

Redio: Nimehama.

Katikati ya kelele hizo akatokea mwanamke amekumbatia kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto. Amehamia mtaani hivi karibuni, amepanga chumba nyuma ya karakana, na wanachokijua juu yake ni kwamba anashona. Akasimama akingoja wamalize, wasimalize.

Mshonaji: Habari za jioni, kaka zangu. Namtafuta fundi, hii imegoma kuzunguka.

Redio: Mgeni njoo mwenyeji apone! Karibu dada, hebu tuamulie. Kaka huyu kesho anamfuata yule nyati vichakani. Kuna risasi nyembamba na risasi nene. Wewe ungempa ipi?

Mwanamke akazitazama risasi. Akamtazama Taratibu, sare yake, mikono yake iliyobanwa magotini. Akakiweka kichwa cha cherehani kwenye kona ya benchi, na benchi likalalamika.

Mshonaji: Mimi sijui mambo ya bunduki. Kwani bunduki iko moja?

Taratibu: Ziko mbili. Kila moja na yake.

Mshonaji: Na umesema, nimesikia nikija, kwamba anazunguka anakuja kwa nyuma.

Taratibu: Ndiyo.

Mshonaji: Sasa mbona unachagua? Si mtu wa mbele ashike moja, na wa nyuma yako ashike nyingine? Nani anakwenda na wewe?

Ndilo lile lililomkwama. Kazi ile haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Taratibu alikuwa akitangulia na nyembamba, macho chini kwenye damu, na Haraka akimfuata nyuma na nene, macho kila mahali. Miaka yote hawakuwahi kubishana ipi ni bora, kama mtu asivyobishana juu ya mguu wa kulia na wa kushoto. Bosi alisema askari wengine wako mbali, hawafiki kabla ya wiki ijayo, ila akipatikana mtu aliyewahi jeshini anamruhusu. Taratibu alikuja kijiweni kwa ajili ya mtu huyo. Kuuliza habari ya risasi kulikuwa rahisi kuliko kumwambia mtu mwenye watoto: njoo usimame nyuma yangu.

Hakutaka kumwangalia Zege. Akamwangalia.

Zege alikuwa anakagua viganja vyake, kimoja baada ya kingine.

Zege: Ningekuwa na nafasi, mbona jambo dogo. Lakini kesho tunamwaga jamvi kule kwenye ghorofa. Na zege, mnajua wenyewe. Zege halilali.

Spana alishakibeba kichwa cha cherehani, amekigeuza chini juu, anakichungulia kama kina habari njema ndani. Redio alifungua mdomo. Mtaa mzima ungekula yamini kwamba linakuja neno. Akaufunga.

Taratibu: Sijamlaumu mtu. Nilitaka tu kusema, nilishindwa tangu nilipokaa. Naogopa, jamani. Naogopa sana. Naogopa mpaka sikumbuki ipi nilikuwa naipenda.

Methali hazikuwepo. Na kijiwe kile hakijawahi kukosa la wahenga, hata kwenye msiba wa mtu wasiyemjua. Muuza kahawa, aliyekuwa pembeni muda wote, akalipindua birika kutoa tone la mwisho, lisitoke, akaanza kukusanya vikombe bila kumuuliza mtu.

Taratibu akainuka. Alizichukua risasi zote mbili, akazitia mfukoni, zikagongana. Alisimama kwanza, kama kawaida yake, akifikiri.

Taratibu: Alfajiri nitapita hapa nikienda mtoni. Nitakuwa na bunduki zote mbili. Nitasimama kidogo.

Akaondoka, akitembea katikati ya barabara, mbali na uzio wa miti. Mara mbili kabla ya kona aligeuka kutazama nyuma yake. Hakuna mtu aliyesogea kwenye benchi. Mshonaji akawatazama mmoja mmoja, Redio, Spana, mwisho Zege, akimkazia macho huyo wa mwisho.

Mshonaji: Kwani hamkumsikia?