Kamba Niliyofunga Mafundo

Mheshimiwa mganga mkuu, wakubwa wa hospitali, ndugu wageni waalikwa, na wewe mwanangu nesi tunayekuaga leo: mliokwisha kuniamkia, marahaba. Nimeambiwa niseme dakika tatu. Mimi nimekaa saa nzima kwenye kiti chenye mguu mbovu, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi ndiye mgonjwa wa kisukari niliyepandikizwa chembe za kongosho la mtu aliyefariki, zikatiwa kwenye ini. Mkaniambia, "Bibi, sindano basi, umepona." Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nikaanguka jikoni, uso ndani ya beseni la vyombo. Sukari imeshuka. Mkubwa mmoja, simtaji, yupo mbele hapo anafuta miwani, akasema, "Bibi, huo ni uzee."

Uzee gani? Umeanza Jumanne?

Ni nesi huyu aliyenikalisha. "Mama, hizo chembe zimekuja zimekatwa mishipa yake ya fahamu. Insulini ya kushusha sukari zinatoa, ila zinachelewa kuanza, zinachelewa kuacha. Mishipa itaota tena, polepole. Ukitetemeka, pima kidole, kunywa maji ya sukari, kisha niandikie."

Niandike mimi? Kalamu naijua kwa kuiona tu. Akacheka, "Basi kila ukitetemeka, funga fundo." Nikakata kamba ya kuanikia nguo, mkwe wangu kaninunia mpaka leo. Mwezi wa kwanza, mafundo kumi na saba. Wa tisa, moja. Nesi akaileta kikaoni kwenu, mkaicheka.

Leo naona ukutani mchoro wa rangi, mstari unateremka, mnapigiana makofi. Mstari ule ni kamba yangu. Nimeuliza kama nesi ametajwa pale, nikaambiwa hayumo. Na chumba chake, nimechungulia dirishani nikitafuta choo, mmeshakijaza viti vibovu. Kesho atakaa nani mle? Au mnadhani mishipa inaota kwa makofi?

Yule binti pale mlangoni, mwenye mtoto mgongoni, kapandikizwa mwezi uliopita. Asubuhi kaniambia katetemeka mara mbili, akaenda kwa nesi, akakuta kufuli.

Kamba hii niliileta iwe zawadi ya nesi. Mwanangu, nisamehe, sikupi. Bila wewe ningekuwa nimeshazikwa, nikaambiwa ni uzee. Lakini kamba bado ina nafasi. Binti, njoo uichukue, ufunge mawili yako, na kesho umpelekee mganga mkuu mwenyewe, mkononi.

Mimi mmenisikiliza, ahsanteni. Sasa msikilizeni huyu binti.