Bibi Khampaeng na Mchuzi Waliotaka Kuutia Sukari

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia. Bibi Khampaeng amefariki dunia. Kwa wewe uliyewasha redio sasa hivi, narudia: Bibi Khampaeng, mpishi wa tambi za soko la asubuhi hapa mjini Nan, kaskazini mwa Thailand, amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minane. Nitamkumbuka kwa hasira. Mniwie radhi.

Mnamjua. Mfupi, taulo kichwani, ulimi kama pilipili. Miaka arobaini na mmoja alipika kitu kimoja tu: tambi za mchele kwa mchuzi wa nyanya, mbavu za nguruwe, damu iliyogandishwa na maua makavu ya msufi mwekundu. Maua aliyaokota mwenyewe. Soya iliyochachushwa aliichoma juu ya makaa mpaka majirani wakaziba pua.

"Pua zenu zimehamia Bangkok," aliwaambia, "nyie mmebaki huku."

Wageni wenye mikoba mgongoni walimjia kutoka kila pembe. Lugha yao hakuijua. Aliwapa bakuli, akawaonyesha pilipili, akatikisa kichwa kuwaonya. Walikula, wakatokwa machozi, kesho yake wakarudi.

Miaka mitatu iliyopita, hoteli moja ya kando ya mto ilifungua mkahawa ulioitwa Ua wa Ladha za Kaskazini. Meneja wake, Bwana Thanakrit, akamfuata Bibi sokoni. Saengla, binti yake Bibi, alikuwepo. Ananisimulia hivi:

"Alisema, 'Bibi, njoo upike kwetu. Ila damu tuitoe. Hiyo soya nayo inanuka. Tuongeze sukari kidogo, wageni wanapenda tamu.' Mama akamwuliza, 'Mwanangu, umekula leo?' Akasema bado. Mama akampa bakuli. Hata hakuligusa! Akampiga picha tu, akaondoka."

Picha, wasikilizaji wapendwa. Shikeni hapo. Mwezi haukuisha, sura ya Bibi Khampaeng ikawa ukutani pale mkahawani Uani, kubwa kama mlango, na maneno "Mapishi ya Bibi" chini yake. Hakuombwa. Narudia, hakuombwa. Chini ya uso wake waliuza tambi za mchuzi mtamu, usio na damu, usio na ua hata moja la msufi. Waongoza wageni wakaambiwa wasipeleke watu sokoni, eti ni pachafu, eti kuna mgeni aliyeharisha. Mgeni gani? Lini? Mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Bibi akaenda. Mchana kweupe, na sketi yake ya hekaluni. Akaketi chini ya picha yake mwenyewe, akaagiza bakuli. Mhudumu hakumtambua! Akamwuliza kwa upole, "Bibi, ni mara yako ya kwanza kula chakula cha kaskazini?"

Bibi akaonja kijiko kimoja. "Hiki? Ndiyo, mwanangu. Mara ya kwanza."

Akamwita meneja, akamwambia aiondoe picha.

"Lakini Bibi, tunakuheshimu."

"Heshima gani hiyo inaingia bila kubisha hodi?"

Picha haikuondolewa.

Sasa nafika panaponiuma. Tangazo la Ua ule lilisomwa kwenye redio hii. Kwa sauti hii. Mimi, Inthorn, niliwaambia "njooni mpate mapishi halisi ya Bibi", na sikumwuliza mtu yeyote. Bibi akapiga simu studioni.

"Inthorn, nimekulisha tangu uko na kaptula ya shule. Leo unawaambia watu natia sukari?"

Nikamjibu kwamba ile ni kazi tu.

"Hata yangu ni kazi," akasema. Akakata simu.

Wateja walipungua. Meza nne zikawa mbili. Saengla alimshauri apunguze mapishi. "Akaniambia sufuria atapunguza, damu hapunguzi," anasema Saengla. Jumapili alipika. Jumanne moyo wake ukasimama.

Siku ya kuuchoma mwili, Saengla aliwapikia waombolezaji mchuzi wa mama yake. Bwana Thanakrit akaja na shada la maua linalozidi jeneza. Njaa ikamshika. Akala. Nilikuwa mkabala naye. Jasho likamtiririka, akafuta uso, akaomba bakuli la pili! Alipomaliza akanipa karatasi: tangazo la tamasha la kumuenzi Bibi Khampaeng, palepale Uani.

Nikamwuliza, "Picha umeitoa?"

"Hapana, bwana. Tumeipamba."

Karatasi hiyo ninayo hapa. Sauti hiyo mnayoisikia ni mimi naichana.

Saengla, dada yangu, wewe na jamaa zako wote, poleni sana. Mama yako sikuwahi kumwomba radhi. Nakuomba wewe, mbele ya wote wanaosikiliza.

Na sisi wengine tujitafakari. Ni nyuso za nani tumezitundika ukutani, na wenyewe wangali hai, tukashindwa hata kuwauliza? Waongoza wageni mnaonisikia ndani ya magari yenu, soko mnalijua. Mlango wa upande wa samaki, banda la tatu. Saengla anafungua kesho saa kumi na mbili asubuhi. Damu imo. Wapelekeni wageni wenu, waketi, wale. Halafu wamwulize mchuzi ni wa nani, na mumwache yeye mwenyewe awajibu.