Mstari Mwekundu na Plasta za Sista Romana

Baada ya miaka thelathini na sita ya kupokea watoto wa watu, Sista Romana Lyamba, mkunga wa kituo chetu cha afya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2026. Aliripoti kazini mwaka 1990 akiwa na sanduku la bati na baiskeli ya kuazima, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa na kituo hiki kikiwa zahanati ya vyumba vitatu. Wengi wenu mnaosoma wasifu huu mlikuwa hamjazaliwa. Wengine mlizaliwa mikononi mwake, na bado mnachelewa kazini.

Nimepewa heshima ya kuandika kwa sababu mimi, Ambrosi wa masijala, nimekaa naye jirani miaka kumi na minane, ukuta mmoja tu katikati. Jamani, afadhali mngempa mtu mwingine. Sababu mtaiona huko mbele.

Kwanza kazi yake. Sista ni Mpimbwe wa Kibaoni, lakini akina mama wengi wanaojifungulia hapa ni wa familia zilizotoka Burundi, na alipofika hakujua hata neno moja la Kirundi. Alianza na "humura", yaani usiogope, na baada ya miaka miwili akawa anagombana nao kwa Kirundi bila kupumua. Mwaka wa zile mvua kubwa alikuwa akimsindikiza mzazi kwa trekta, tela likakwama njia ya Sibwesa. Alimzalisha pale pale, mume akishikilia turubai na kulia kuliko mkewe. Mtoto yule leo ni bodaboda, kila akipita hapa anapiga honi, na Sista anatokeza dirishani kumwambia avae kofia ngumu.

Mganga mkuu mmoja wa wilaya naye alipata lake. Aliingia wodi ya wazazi na viatu vya matope, Sista akamwonyesha mlango na ndoo ya maji. Alirudi miguu mitupu, akaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba usafi unaridhisha. Na kwa mama mwenye aibu, anayeficha maumivu mpaka mambo yaharibike, Sista alikuwa na methali moja tu: mficha uchi hazai.

Sasa nije kwenye picha. Mnajua picha za pasipoti hutoka nne kwa mkupuo, na shule inataka tatu. Mwaka 2004 mama mmoja alimletea Sista ile ya nne, aone yule mtoto aliyemzalisha amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Wengine wakaiga. Ikawa desturi ya hapa kwetu, mtoto akienda sekondari, picha ya nne ni ya Sista. Alizibandika kwa gundi kwenye mbao za plaiwudi ukutani mwa wodi, na chini ya kila picha akaandika jina kwa mkono wake. Mwaka jana zilifika mia nne na kumi na sita.

Kati ya hizo ilikuwamo ya Laurence, binti wa Médiatrice wa kijiji cha pili. Laurence alifaulu, akapigwa picha, kisha malaria ikamchukua wiki moja kabla shule haijafunguliwa. Picha tatu zilikuwa zimeshakwenda na fomu na hazikurudi. Ya nne ndiyo pekee iliyobaki duniani. Kila siku ya gulio Mama Laurence alipita hapa, akasimama mbele ya ubao, akaweka kidole juu ya lile jina. Hajui kusoma. Jina lile moja alilijua.

Wodi ilipotakiwa kupakwa rangi upya, wazo la kitabu lilitoka kwangu, tena kwa mbwembwe. Niliwaeleza kwamba siku hizi huhitaji kwenda Dar kubembeleza mchapishaji. Unaingia mtandaoni, unapandisha picha zako kwa simu, unapanga kurasa mwenyewe, na wao wanakutumia kitabu chenye jalada gumu mpaka Posta ya Mpanda. Mganga mfawidhi akakubali kiwe zawadi ya kumuaga Sista. Sista alifurahi mpaka akanimiminia chai ya chupa yake yenye mfuniko mwekundu, ambayo hakuna mtu mwingine hapa amewahi kuionja.

Tulipanga wiki tatu, saa za chakula cha mchana. Nilipiga mbao picha kipande kwa kipande, sura na maandishi yake, nikaweka watu wanne kila ukurasa, wawili juu na wawili chini. Nilizivuta zijae ukurasa wote, maana napenda kitu kikubwa. Pembeni mwa kila ukurasa kwenye skrini palikuwa na mstari mwekundu, na alama ya njano ikawa inawakawaka. Sista akavaa miwani, akauliza huo mstari ni wa nini. Nikamjibu kwamba ni mapambo tu, Sista. Akauliza tena, sasa mbona yale majina ya chini yako nje ya mstari? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya mtandao niachie mimi. Nikabonyeza kukubali.

Kisha nikafanya la pili. Mafundi rangi walipouliza mbao wazipeleke wapi, nikasema kitabu kinakuja, za nini tena? Zilikwenda kwenye tanuri la kuchomea taka. La tatu, simu yangu ilikuwa imejaa, na harusi ya shemeji ilikuwa Jumamosi, nikafuta picha zote nipate nafasi ya video. Nilijua kule mtandaoni zipo. Kumbe wale huifuta kazi siku thelathini baada ya kuichapa, nao walikuwa wameandika hivyo, ila sikusoma.

Kitabu kilifika Aprili. Kizuri, kizito, kinanukia upya. Tukakifungua mapokezi, watu wakashangilia. Kumbe mashine ya kukatia karatasi ilikuwa imepita palepale penye ule mstari. Walio juu walikuwa na majina. Walio chini, watu mia mbili na wanane, walikuwa na sura tu.

Mama Laurence alifika siku ya gulio. Nani awe juu na nani awe chini nilipanga mimi, na Laurence nilimweka chini. Mama aliiona sura, akatabasamu, kidole kikashuka kutafuta jina, kikafika ukingoni mwa karatasi kikakosa pa kukaa. Alitutazama mmoja mmoja. Akafunga kanga yake vizuri akaondoka.

Kwenye kikao cha wafanyakazi nilisema wachapaji ndio waliokosea. Mkanionea huruma, na wengine mkawatukana wachapaji. Sista alikuwepo, amekaa karibu na dirisha, akanitazama kidogo akaendelea kukunja pamba. Hajawahi kunisema, hata kwa utani. Basi mficha uchi hazai. Leo nasema mbele yenu kwamba hawakukosea wao. Walionya, Sista akauliza mara mbili, na mimi nikajifanya najua. Miezi miwili hii nimekuwa nikiona aibu kupita mlango wake.

Alichofanya yeye ni hiki. Kalamu haikushika kwenye zile karatasi za kung'aa, wino unateleza. Akachukua plasta, ile ile anayoikata kipande na kumfunga mtoto mchanga mkononi ili asichanganywe na mwingine. Akakata kipande, akaandika, akabandika chini ya sura. Cha kwanza kilikuwa cha Laurence. Akapanda bodaboda na kitabu mapajani, akakipeleka mwenyewe kijiji cha pili. Mama Laurence alikaa nacho barazani mchana kutwa, na jioni akakirudisha kwa miguu, kimefungwa kwenye kanga, pamoja na sahani ya maharage kwa ajili yetu sote. Mimi sikuweza kuyala.

Likizo yake ya mwisho, ambayo alipaswa kuitumia kukarabati nyumba Kibaoni, Sista aliimalizia kwenye benchi la kliniki, mkasi mkononi, akiwakumbuka watoto. Wengine aliwatambua kwa masikio, wengine kwa kicheko cha bibi yao. Wapo ambao jina la mtoto lilimtoka lakini la mama halikumtoka, akaandika kama anavyoandika siku ya kwanza: Mtoto wa Odeta. Nilikaa naye siku zote zile nikimkatia plasta. Siku moja tu alisimama, akavua miwani, akasema amechoka, na kwamba ubao ule alikuwa anausalimia kila asubuhi. Kisha akaendelea.

Wamerudi mia moja tisini na watatu. Wamebaki kumi na watano. Chini ya hao amebandika plasta zenye maneno mawili tu, "Mtoto wa", na nafasi. Kitabu kipo mapokezi. Nyie mliozaliwa hapa, na nyie wenye kaka na dada waliozaliwa hapa, pitieni mkitazame. Sista anaondoka Jumamosi, na hakuna rejesta nyingine ya sura hizo isipokuwa kichwa chake.

Sista Romana, kwa niaba ya kituo kizima nasema asante kwa miaka thelathini na sita, na kwa niaba yangu peke yangu nasema nisamehe. Uliniuliza mara mbili na nilipaswa kukusikia mara ya kwanza. Nenda Kibaoni salama. Majaruba yako yajae mpunga, magoti yapone, na ulale mpaka kuche bila mtu kukugongea mlango. Jina likikujia, hata ukiwa katikati ya palizi, nipigie. Mkasi ninao, plasta umeniachia. Nitakuuliza mara mbili kabla sijaandika.

Ambrosi, Masijala