Sufuria ya Wifi

Mwanamke aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata sufuria kubwa, mpya, kama mtu aliyepakata mtoto wa kwanza. Muuguzi aliyekaa naye akamuuliza kama ana sherehe.

"Sherehe wapi, mwenzangu! Hii ni zawadi ya Krismasi ya wifi yangu. Mimi sikurupuki Desemba. Mwaka mzima naangalia ndugu zangu wanaazima nini kwangu. Ukiazima kitu mara tatu, hicho ndicho zawadi yako, naanza kukiwekea akiba kidogo kidogo. Shemeji nimemnunulia msumeno. Baba mkwe, tochi. Hakuna hata senti iliyopotea kwenye mapambo."

Alisema hivyo kwa sauti ya waziri wa fedha. Mimi, niliyebeba jozi sita za soksi za saizi moja kwa ukoo mzima, nikageukia dirishani.

"Na wifi huja lini kuazima?" muuguzi akauliza.

"Kila Jumamosi. Anakuja asubuhi, anaondoka jioni."

"Siku nzima kwa ajili ya sufuria?"

"Si tunapiga soga! Ananisuka, tunacheka, tunawasema waume zetu."

"Sasa dada, ukimpa ya kwake, Jumamosi atafuata nini?"

Nikatega sikio. Basi lilikuwa linapunguza mwendo, na mwenye sufuria hakubabaika hata kidogo. Alisimama, akaikumbatia sufuria yake.

"Umeuona mfuniko wake?"

Kweli, haukuwepo.

"Uko jikoni kwangu," akasema, akashuka.