Somo Alilolifundisha Mara Mbili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kama una kazi mkononi, iweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka binti aliyekuwa akisomea ualimu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ametutoka kabla ya kupata cheti chake. Narudia, kabla ya kupata cheti, kwa sababu jambo hilo ndilo lililomlemea baba yake kuliko yote.

Baba huyo ni fundi muashi. Mtaani wanamwita Timazi, kwa ile kamba yenye kichuma cha uzito anayoishusha ukutani kuona kama umenyooka. Hata akialikwa chai, jicho lake huanza na ukuta, kisha ndipo huona kikombe. Mkewe alitangulia mapema, wakabaki wawili, yeye na binti yake. Alimwita "mama", kwa kuwa binti alibeba jina la bibi yake mzaa baba.

Walikaa vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ambayo mguu wake mmoja umetiliwa kipande cha kigae ili usicheze. Kila alfajiri, mtandao ukiwa bado mwepesi, binti aliketi hapo na kishikwambi chake. Alipakua masomo. Moyo unavyosukuma damu. Mbegu inavyopasuka ardhini. Aliyatia kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa sababu shule aliyopangiwa mazoezi ya kufundisha haikuwa na mtandao. Ilikuwa na umeme na projekta moja.

Baba alipita na ndoo yake, akamtania.

"Hicho kishikwambi chako kinajua kuchanganya zege?"

"Kinajua, Baba. Kinachoshindwa ni kubeba ndoo."

"Basi hakijaanza kazi."

Shuleni watoto wa darasa la tano walimwita Mwalimu Chaji. Kila akiingia, kabla hata ya salamu kuisha, macho yake yalikuwa yanatafuta soketi. Walimpenda. Watoto ambao hawajawahi kuona moyo, waliuona ukidunda ukutani, mkubwa kama mlango.

Sasa tufike kwenye siku tatu ambazo baba yake hazisahau.

Jumanne, binti alionyesha video ya jua na vivuli. Ilikuwa video safi, yenye rangi na sauti ya kupendeza. Ilisema kwamba saa sita mchana kivuli cha fimbo huelekea kaskazini. Akaifundisha hivyo. Watoto wakaandika hivyo. Kengele ikalia.

Jumatano, msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono. Yeye na wenzake walikuwa wamesimamisha fimbo uwanjani.

"Mwalimu, kivuli hakikwenda getini. Kimekwenda vyooni."

Darasa zima likacheka. Pale shuleni geti liko kaskazini, vyoo viko kusini. Binti alitoka nao, akasimama juani, akaona kwa macho yake. Video ile ilitengenezwa nchi za mbali, upande wa juu wa dunia. Huku kwao, mwezi ule, jua lilipita upande wa kaskazini, na kivuli kililala kusini. Video haikudanganya. Ilisema kweli ya kwao. Yeye ndiye aliyeibeba hadi darasani bila kutoka nje kuipima.

Na kesho yake, Alhamisi, mkufunzi wa chuo alikuwa anakuja kumkagua. Ukaguzi ule ulikuwa wa mwisho. Akifaulu, amehitimu pamoja na wenzake. Akianguka, anarudia muhula mzima.

Mwalimu wa darasa aliyekuwa akimlea, mama mtu mzima mwenye chaki nyuma ya sikio, alimvuta pembeni.

"Mwanangu, kesho fundisha kilichoandikwa kwenye andalio lako la somo. Hilo la kivuli utalirekebisha wiki ijayo, mgeni akiwa ameondoka. Funika kombe mwanaharamu apite."

Jioni hiyo binti alimweleza baba yake kila kitu. Alikuwa amekaa kizingitini, viatu bado miguuni.

"Niambie, Baba. Nifanyeje?"

Fundi alikuwa ananawa simenti vidoleni.

"Mama, tofali la chini likipinda, ukuta wote unapinda. Ukilifunika kwa plasta, umemficha mwenye nyumba tu. Mkufunzi ataondoka kesho. Watoto watabaki nalo."

"Naweza kuanguka."

"Naam, unaweza."

Kisha akaingia ndani, akamletea ile kamba yake ya timazi, ili fimbo ya watoto isimame wima.

Alhamisi, binti aliacha andalio mezani. Akawatoa watoto nje, mkufunzi akafuata na faili lake kwapani. Wakasimamisha fimbo. Wakapima kivuli, wakaweka kijiwe. Wakapima tena, wakaweka kijiwe kingine, mpaka saa sita ikafika na kivuli kikawa kifupi, kimelala kusini. Kengele ikalia. Somo lililopangwa halikufundishwa hata sentensi moja. Mkufunzi aliandika: somo halikufuata andalio. Hakuwa mtu mbaya. Fomu yake ilikuwa na swali hilo, naye alilijibu.

Binti alianguka. Wenzake walivaa majoho, yeye akarudi darasa la tano.

Fundi alimwomba radhi. "Mama, ulimi wangu umekuponza."

"Baba, usinichekeshe," binti akajibu. "Ulimi wako ndio uliosimamisha fimbo?"

Muhula ule wa kurudia, wasikilizaji wapendwa, alifanya kazi kwa namna nyingine. Aliendelea kupakua, tena zaidi. Lakini aliweka daftari lenye safu mbili: Nimepima, na Sijapima. Somo lililo safu ya pili halikuingia darasani. Alizamisha misumari kwenye maji, akasubiri kutu. Aliotesha maharage kwenye kopo dirishani. Baba alipouliza kama kopo lile ni la mboga, aliambiwa: "Usilile, Baba, hilo ni jaribio."

Wiki ya sita alianza kukohoa. Ikasemekana ni mafua. Ikaja homa, kisha homa ya mapafu. Alilazwa siku kumi na mbili. Alikuwa ameshafaulu ukaguzi wa kwanza na wa pili. Bado mmoja tu. Siku ya kumi na tatu baba yake alirudi nyumbani na mfuko wa nguo zake.

Ndugu walikusanyika chumba cha mbele kuandika tangazo la msiba. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyeshika kalamu. Akaandika: mwalimu.

"Futa," fundi akasema. "Andika mwanachuo."

"Kaka, nani atakuja msibani kudai cheti?"

"Mimi. Alikuwa na nafasi ya kuwa mwalimu, nikamshauri aiache. Sasa nisimpe kwa kalamu nilichomnyima kwa mdomo. Andika mwanachuo."

Tangazo likaandikwa mwanachuo.

Yule mama mwalimu mlezi alikuwa ameketi mkekani na wanawake. Alisikia. Akainuka, akaja kukaa karibu na fundi, akatoa simu kwenye mkoba.

"Mzee wangu, siku ile ya Alhamisi mimi ndiye niliyeshika kishikwambi. Aliniomba nimrekodi. Baadaye akapakia mtandaoni, mahali walimu wanapopeana masomo. Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Akabonyeza. Uwanja wa shule ukatokea, jua kali, watoto wamezunguka fimbo. Sauti ya binti ikasikika, haina haraka: "Juzi niliwafundisha jambo ambalo sikulipima. Nilikosea. Leo tutapima pamoja, na mkiona nimekosea tena, mseme."

Mwalimu mlezi akashusha kidole kwenye kioo, akasoma maandishi yaliyokuwa chini ya video. Mwalimu mmoja ameandika: nimetoa darasa langu nje leo, asante. Mwingine: kwetu kivuli nacho kimelala kusini, vitabu vyetu tulivipokea tu bila kupima. Mwingine ameuliza: utaweka lini somo jingine, mwalimu?

"Hawa ni watu wa wapi?" fundi akauliza.

"Hata sijui, mzee wangu. Wa shule nyingine. Huyu wa mwisho ameandika jana."

"Jana?"

"Jana."

Jana binti alikuwa mochwari.

Fundi aliomba irudiwe. Mara ya pili hakutazama picha. Aliinamisha kichwa, akasikiliza tu. Ilipokwisha, akanyoosha mkono kwa mdogo wake, akapewa karatasi. Alifuta neno moja. Akaandika jingine juu yake, kwa zile herufi kubwa ambazo mafundi huandikia mbao. Hakumweleza mtu sababu.

Tangazo hilo lilisomwa hapa redioni kama alivyoliandika. Kifo cha mwalimu.

Kwako fundi, na kwa ndugu zako, na kwa mwalimu mlezi, na kwa watoto wa darasa la tano: poleni. Hatuna maneno ya kuziba pengo hilo, wala hatutajaribu. Mungu ampumzishe.

Na wewe uliye nasi saa hii, mzazi, mwalimu, au mkubwa tu wa nyumba: fikiri kama yupo mtoto uliyemwambia jambo kwa uhakika, kisha ukagundua haliko hivyo, ukanyamaza. Huenda sasa ni mtu mzima. Mtafute, umwambie.