Kikohozi Kwenye Kaseti

Taxi ya abiria wengi ilipotoka mtaa wa Overport, Julienne, anayefanya kazi saluni, alifumba macho asinzie, lakini mzee mwenye koti nyuma yake alikuwa anamweleza mama wa kando, ambaye hawakujuana naye kabisa, habari za kaseti aliyoishika. Ilikuwa ya mwimbaji mmoja wa roki aliyezeeka, na nyimbo zote zilikuwa za uzee na kufa.

"Kwa wimbo wa mwisho iko anakohoa," mzee alisema. "Hawakukata. Kila asubuhi nasikiliza, halafu na mimi nakohoa, nione kama changu kimefika pale."

Alisema kama mtu anayejaribu viatu dukani.

"Papa, tupa hiyo kitu," mama alisema. "Unajiitia kifo."

"Siiti. Napima tu."

"Basi enda hospitali, wakupime."

Mzee aliizungusha kaseti mkononi mpaka wakafika kituo cha Greyville. "Kule hospitali watanijibu, mama. Kaseti hainijibu."

Taxi ikasimama. Mzee alishuka akikohoa, na mama akageukia dirisha la upande mwingine. Julienne, aliyewashwa koo tangu Overport, alimeza kikohozi chake, akangoja mlango ufungwe.