Papa Godefroid, Kipimo Kilichofungwa kwa Lakiri

Ijumaa tarehe 27 Februari 2026, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, Papa Godefroid Mwelwa atarudisha ufunguo wa kabati la mizani na kuiaga Ofisi yetu ya Vipimo na Biashara Ndogo, hapa Lubumbashi. Mwenyewe amesoma sentensi hiyo na kunisahihisha: ni miaka thelathini na sita, miezi kumi na moja na siku ishirini na sita. Nimeongeza hesabu yake ili nipate amani.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1989. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na nyumbani kwao kitu kilikuwa ama kimenyooka ama hakikunyooka. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na madukani kukagua mizani, chupa za mafuta na meka, kile kikopo ambacho wamama hupimia unga. Mfukoni mwa shati ana rula ya chuma ambayo mke wake, Mama Victorine, anasema huilaza kando ya mto wa kulalia. Mimi nimekaa naye meza moja kwa miaka kumi na tisa. Siku ya kwanza alichora mstari katikati ya meza kwa kalamu ya wino. Tangu siku hiyo kikombe changu kimevuka mpaka mara nyingi, na kila mara kimerudishwa.

Soko la Bel-Air lilimjua vizuri. Alipotokea kwenye kona, muuzaji wa kwanza alikohoa, wa pili akakohoa, na kabla hajafika kwenye unga, meka zote zenye kitako kilichobonyezwa zilikuwa zimeshaingia chini ya meza. Mwaka 2020 korona ilipofika, hakuna aliyethubutu kukohoa sokoni. Wiki ile Papa Godefroid alikamata meka arobaini na moja, akashangaa kwa nini watu wamekuwa wakaidi ghafla.

Inabidi pia nitaje kichwa chake, kwa kuwa yaliyofuata yanatoka humo. Mungu alipomgawia Papa Godefroid kichwa hakubana. Aliwahi kutumwa kikazi Kasumbalesa, akatafuta kofia kwa wauzaji wote mpakani asipate inayomwingia. Mwishoni alinunua ile ambayo muuzaji mmoja alikuwa ametundika juu ya kibanda ili watu waione kutoka mbali. Anayo mpaka leo.

Sasa korona yenyewe. Harusi zilisimama, komunyo ya kwanza ikaahirishwa, na mafundi cherehani wa mtaani wakabaki wanatazama mashine zao. Serikali ikakubaliana na makampuni kusaidia biashara ndogo, na kampuni moja ya madini ikaahidi kununua barakoa za wafanyakazi wake, au cache-nez kama tulivyoziita wote, kutoka kwa mafundi wa hapa hapa. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kuchagua karakana na kutoa vipimo. Tulichagua karakana ya Mama Abigaël Mbuyi, Bel-Air, yenye wanawake kumi na mmoja waliokuwa wamekaa wiki sita bila kushona hata kifungo. Waliagizwa barakoa elfu tatu. Sharti lilikuwa moja: mzigo ukikataliwa, karakana inafutwa kwenye orodha ya msaada na wale kumi na mmoja wanarudi nyumbani.

Mtu mwingine angetoa kipimo cha kukisia. Papa Godefroid alitaka uso halisi wa kupima. Lakini amri ilisema watu wakae mbali mita moja, na yeye hajawahi kuvunja amri. Alinijaribu mimi kwanza, mikono ameinyoosha, rula inatetemeka mbele ya pua yangu, akaona haiwezekani. Basi akaenda kwenye kioo cha maliwato akajipima mwenyewe, sikio hadi sikio, pua hadi kidevu, mara tatu. Akaandika, akagonga muhuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kofia.

Mzigo ulipofika mgodini, mpokeaji wa kampuni, Bwana Guelord Chanda, alivaa barakoa ya kwanza mbele ya watu. Ilianzia kwenye nyusi na kuishia kwenye koromeo. Sauti ikatoka humo ndani: “Hii cache-nez iko ya bantu babili. Mwengine iko wapi?” Watu walicheka, lakini barua iliyotufikia kesho yake haikuwa na kicheko: mafundi wamekosea, mzigo umekataliwa, karakana ifutwe.

Mama Abigaël alikuja na karatasi yetu mkononi, akasimama mlangoni. “Papa Godé, shiye tulifwata karatasi yako, sentimetre kwa sentimetre. Sasa kosa iko ya nani?”

Hapa nakiri mbele ya wote. Mwaka ule jina la Papa Godefroid lilikuwa limependekezwa kwa nishani ya utumishi usio na kosa, na mimi ndiye niliyemnong'oneza aseme kitambaa kilivutika. Alichukua barakoa moja, akaivaa, akaenda kwenye kioo. Ilimkaa kama ngozi. Alirudi mezani, akaomba kitabu cha PV, zile hati za makosa tunazowaandikia wauzaji, akaanza kujiandikia mwenyewe.

Hati hiyo ninayo hapa. Mkosaji: Mwelwa Godefroid. Kazi: mkaguzi wa vipimo. Chombo kilichotumika: uso mmoja. Kosa: kinazidi kipimo cha kawaida kwa sentimita nne upana na tatu urefu. Maelezo ya mkosaji: nakubali. Maoni ya mkaguzi: mkosaji alishirikiana vizuri. Alitia sahihi mahali pa mkaguzi, kisha akavua miwani, akatia sahihi mahali pa mkosaji.

Hati ilipelekwa kwenye kampuni siku hiyo hiyo, na barua ile ikafutwa, kwa sababu mafundi walikuwa wamefuata kipimo cha ofisi bila kuongeza wala kupunguza. Wanawake wa Bel-Air walitia mkunjo kila upande, barakoa moja baada ya nyingine, kwa siku tisa. Papa Godefroid alikwenda kila siku kupiga pasi mikunjo hiyo, akipima kila mmoja, mpaka Mama Abigaël akamnyang'anya rula ili kazi iishe. Bwana Guelord alivaa tena, na safari hii aliona njia. Leo karakana ile ina mashine kumi na tisa, na vitambaa vya meza za sherehe hii vimeshonwa pale. Nishani ilikwenda kwa mtu mwingine. Mwenyewe hakuitaja tena. Mimi bado nina kinyongo.

Kisa hakikuishia hapo. Kanuni yetu inasema chombo kikionekana na kasoro kinafungwa kwa lakiri, ile nta nyekundu, na hakitoki ofisini mpaka mkurugenzi asaini hati ya kukiachilia. Mkurugenzi wetu, Mama Deborah Katongo, kwa mzaha alibandika lakiri kwenye ile kofia na kuandika kwenye daftari: uso mmoja, umezuiliwa. Sote tulicheka isipokuwa aliyezuiliwa. Mwaka 2022 alipopewa ukuu wa kituo Kasumbalesa, alijibu kwa barua kwamba anashikiliwa. Mwaka uliofuata alijibu vile vile. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Alisema: “Mi nilifungwa, Joëlle. Muntu wa vipimo akikimbia, bantu batamwamini namna gani?”

Ndiyo maana jana Mama Deborah alilifungua lile daftari la mwaka 2020 na kutuita tushuhudie. Aliandika kwa mkono wake, taratibu, na hakuwa anafanya mzaha tena: chombo kimekaguliwa upya na kuonekana sahihi, kasoro ilikuwa kwetu tuliobaki, tulio wadogo. Akagonga muhuri. Papa Godefroid alisoma, akatoa rula, akapima kama mstari wa sahihi umenyooka.

Papa Godefroid, umeachiliwa. Asante kwa kila meka uliyoinyoosha na kwa hati ile moja uliyojiandikia. Nenda ukae na Mama Victorine, ule ushibe bila kupima, na siku zako ziwe nyingi na njema. Mstari wa mezani sitaufuta, na kikombe changu kitabaki upande wangu.

Joëlle Kunda, kwa niaba ya wafanyakazi wote